Kisogo Changu na Korongo wa Chole

Jamani, leo nimepigwa picha bila kutaka, na natamani ardhi inimeze.

Mpiga picha wa Kihindi kutoka Unguja alikuja kisiwani kwetu Chole, akitaka kupiga picha korongo wakiwa wanaruka. Alikuwa amebakiwa na kioo kimoja tu cha kupigia picha.

Mimi, niliyefika Bagamoyo hadi Bombei (msibishe!), nikamwambia, "Niachie mimi."

Nikawasihi shemeji yangu Bi Mwanaidi na wanawake wenzake wasitande dagaa asubuhi ile, yaani wasiwavue kwa kutandaza kanga zao majini wawili wawili, wasije wakawatisha ndege. Wakakubali. Maji yakatoka, ndiyo saa yao ya kuvua, wao wamekaa pwani na vikapu vitupu.

Mhindi akajifunika kitambaa chake cheusi. Nikapiga makofi. Korongo wakainuka wote, mbawa zikaziba jua!

Nami kwa kiherehere nikakimbia mbele kuwatazama.

"Toka mbele!" Mhindi akafoka.

Nimechelewa. Kioo kimekwisha, na kilichomo ni kisogo changu.

Bi Mwanaidi hakupiga hata kelele. "Shemeji, watoto wetu leo watakula kisogo chako?"

Ng'onda wangu wote, samaki niliowakausha mwenyewe, nimewapelekea. Bado uso hauinuki.

Kesho maji yakitoka nitatanda nao, mwanamume mzima kwenye kazi ya wanawake, mbele ya watu. Mnaotaka kucheka njooni, ila mmoja wenu anishikie ncha ya pili ya kanga.