Ripoti Ilivuka na Basi

Wiki iliyopita, kwenye basi la kutoka Kituntu, niliketi nyuma ya mtaalamu wa madaraja. Njia nzima alitupungia ripoti yake: lile daraja la muda la mtoni mbele yetu, lililowekwa vita vilipoisha, ni imara kabisa, hatuhitaji jipya.

Tulipolifikia, kondakta akatushusha kama kawaida, basi livuke tupu. Mtaalamu alikuwa wa kwanza kushuka.

"Mwanangu, umesahau ripoti kitini," bibi mmoja akamwambia, mkungu wa ndizi kichwani.

"Iache tu, bibi. Itavuka na basi."

Akavuka kwa miguu, ameng'ang'ania vyuma vya pembeni kwa mikono miwili.

Kwa hiyo wakubwa wasihangaike na daraja jipya. Hili limebeba ripoti nzima bila kutikisika.