Mashine Inayomsubiri Msemaji

Mwaka ule wanafunzi wangu wa mwaka wa mwisho walikuwa wameshaleta mada zao za utafiti, isipokuwa mmoja. Wengi walitaka kutengeneza mifumo ya kugawa vyumba vya hosteli au kutunza kumbukumbu za dawa kwenye zahanati, mada ambazo huja kila mwaka na ambazo nimezizoea. Aliyebaki alikuja ofisini kwangu mchana, wenzake wakiwa wameenda kula. Alikuwa kijana mrefu kutoka Kimamba. Mitihani alikuwa akiifaulu vizuri, lakini darasani sikuwahi kumsikia akijibu swali.

Alisimama mlangoni, akafungua mdomo, shingo ikamkaza. Nilijua anataka kusema nini, maana mwanafunzi akiingia kwa mwalimu wake kuna neno moja tu la kuanzia. Halikutoka. Aliinamisha kichwa, akajaribu tena, ndipo likaja lote kwa mkupuo.

"Shikamoo, madam."

"Marahaba. Kaa."

Alinieleza taratibu. Kuna huduma moja ya simu ambayo mjomba wake, mkulima wa mpunga, alikuwa akiitumia. Unapiga, mashine inakuuliza unataka kujua nini, unajibu kwa mdomo, nayo inakupa habari za mvua au za mbegu. Mjomba hakuwahi kupata shida nayo. Yeye alipojaribu, mashine ilikata kabla hajamaliza neno la kwanza.

"Inadhani nimenyamaza," alisema. "Si-sijanyamaza. Bado naongea."

Alitaka kutengeneza programu inayotambua maneno ya mtu mwenye kigugumizi, na inayomsubiri mpaka amalize. Mada niliipenda pale pale, lakini nilimweleza ugumu wake. Programu ya namna hiyo hujifunza kwa kusikilizishwa sauti nyingi, na sauti za Kiswahili tulizokuwa nazo zilikuwa za watu wanaoongea bila kukwama. Ingebidi azitafute mwenyewe, mtu kwa mtu. Nikamuuliza kama ataweza kuwapata.

"Nyumbani wapo," alisema. "Tunajuana."

Likizo ilipofika nilikwenda kwetu Mikumi. Kwa kuwa kutoka kwetu hadi Kimamba si mbali, tulikubaliana nifuatane naye siku za mwanzo. Tulianzia Kimamba, kwa fundi baiskeli wa makamo aliyekuwa na kibanda karibu na reli. Mwanafunzi wangu alikuwa ameandaa karatasi zenye sentensi fupi za kusoma, na simu ya kurekodia. Baada ya salamu nilijitambulisha, nikaeleza tulichofuata. Fundi alisikiliza huku akizungusha gurudumu, kisha akasema kwa kukwamakwama kwamba anatuelewa vizuri.

"Mnirekodi, ha-halafu mkanisikilize huko chuoni mcheke?"

Nilitaka kumweleza kuhusu ridhaa na usiri wa washiriki, kama tunavyofundishana chuoni. Mwanafunzi wangu aliniwahi.

"Hata mi-mi-mi—" alianza, akakwama.

Fundi alimkazia macho. Nadhani alidhani anaigizwa. Halafu akaiona ile shingo, akaona na kope zinavyofumba kwa nguvu, na uso wake ukabadilika. Aliondoa spana zake juu ya kigoda, akamsogezea kijana kigoda. Mimi nilibaki nimesimama, na sikuona vibaya.

Hata hivyo, alipopewa zile karatasi, fundi alisoma sentensi ya kwanza bila kukwama hata kidogo. Ya pili vilevile. Tukatazamana. Nilikuwa nimewahi kusoma kwamba wapo watu ambao kigugumizi huwaacha wanaposoma maneno yasiyo yao, lakini sikutegemea jambo hilo litukute siku ya kwanza ya kazi. Kwa utafiti wetu sauti ile haikuwa na faida. Kijana alikunja karatasi zake, akaziweka mfukoni.

"Itabidi tuongee tu," alisema.

Alilisema kwa huzuni. Maisha yake yote alikuwa amekwepa mazungumzo, na sasa utafiti ulimtaka akae na watu asiowajua, aongee nao, na aanze yeye, kwa sababu, kama tulivyogundua siku ile, mtu alifunguka baada tu ya kumsikia yeye akikwama. Alimuuliza fundi juu ya baiskeli za zamani. Fundi akaeleza habari za babu yake, aliyekuja kukata mkonge kwenye mashamba ya Kimamba, na jinsi familia ilivyobaki pale. Walikwama wote wawili, wakasubiriana, wakaendelea.

Jioni, tukielekea kituoni, tuliona wazee watatu wamekaa barazani mbele yetu. Kijana alivuka upande wa pili wa barabara. Nilimfuata, na tulipofika mbali kidogo nilimuuliza kulikoni. Akaniambia kuwa alipokuwa mdogo shikamoo ilikuwa haimtoki. Wazee walingoja, yeye akawa anatumbua macho tu, wakaenda kumwambia mama yake kwamba mtoto hana adabu.

"Mama alinichapa," alisema. "Alipokuja kuelewa, alilia. Tangu hapo na-napita upande mwingine."

Tuliendelea kutembea mpaka kituoni.

Mikumi nilimpeleka kwa mwanamke ninayemfahamu, anayeuza vitunguu na nyanya kando ya barabara kuu, pale mabasi yanaposimama. Ana kigugumizi tangu utotoni, naye alikubali mara moja. Alituambia abiria huwa na haraka, wananyoosha mkono dirishani, na kabla hajamaliza kusema wanammalizia wao.

"Ananimalizia, na anachosema si-sicho nilichotaka," alisema. "Basi linaondoka, na mimi bado ninalo neno langu."

Mwanafunzi wangu alisahau kabisa kwamba anarekodi. Waliongea mpaka basi la mwisho la mchana likapita.

Tuliporudi chuoni tulibishana mara moja tu, juu ya namna ya kuandika sauti zile. Mimi nilishauri aandike neno lililokusudiwa peke yake. Yeye akakataa. Alisema mtu akisema "vi-vi-vitunguu", vile vi vya mwanzo navyo amevisema. Mwisho aliandika kwa njia mbili, moja ikiwa na kila mkwamo na nyingine bila, kazi ikawa mara mbili. Aliifanya yote, na programu ikajifunza kutofautisha aliyekwama na aliyemaliza.

Siku ya kutetea utafiti ilipokaribia, nilimwambia nitamwombea kwa jopo muda wa ziada.

"Usiniombee, madam," alisema. "Nitaomba mwenyewe."

Alipopanda jukwaani alianza kwa kusema kwamba ana kigugumizi, anaomba muda zaidi, na anaomba asimaliziwe maneno. Walimkubalia. Lakini katikati alikwama kwenye neno "mkwamo" lenyewe, na mjumbe mmoja, mtu mpole ninayemheshimu, akamsaidia: "Mkutano."

"Hapana," kijana alisema. Akavuta pumzi. "Si-sikuwa nasema hivyo."

Mjumbe akaomba radhi, na kijana akalisema neno lake hadi mwisho.

Programu haikufanya maajabu. Yeye alipoongea nayo ilimsubiri vizuri, ikamwelewa maneno mengi. Mjumbe mwingine aliyeijaribu kwa kusema upesi upesi alimaliza swali lake, na mashine ikakaa kimya, inamngoja aendelee. Ukumbi ukacheka. Kijana naye akacheka, akakiri kuwa huo ndio udhaifu mkubwa wa programu na hajapata dawa yake. Jopo lilimpitisha, likamtaka afanye marekebisho kadhaa. Nje ya ukumbi alikaa chini kwenye ngazi, akafunika uso kwa mikono. Nilikaa karibu yake mpaka alipoinuka.

Hakuna huduma ya simu iliyochukua kazi yake. Tuliwaandikia wenye huduma ile ya wakulima, hawakujibu. Mwaka huu nina mwanafunzi wa kike anayeendeleza pale yeye alipoishia, kwa ruhusa ya waliorekodiwa, naye anahangaika na ule udhaifu wa kungoja kupita kiasi.

Kijana mwenyewe amepata kazi ya kujitolea kwenye shule moja ya sekondari upande wa Msowero, anafundisha kompyuta. Juzi alinipigia. Alisema wanafunzi walimcheka wiki ya kwanza, na wapo wanaomwiga mpaka leo akigeukia ubao. Nilimuuliza kama inamuumiza. Akasema ndiyo, siku nyingine sana. Kisha akahamia kwenye kilichomfanya apige: kompyuta za shule ni chache, kadhaa haziwaki, na anataka kujua kama inawezekana kuunganisha vipande vya tatu zilizokufa apate moja nzima. Tuliongea habari za vipande hivyo, kimoja kimoja, mpaka chaji ya simu yake ikaisha.