Mwenye Mji wa Cresensia

Nyumba ya Cresensia ilikuwa ya mwisho upande ule wa Ganako, huko Karatu. Ukiipita unakuta korongo, na ukivuka korongo ni msitu wa hifadhi, ambako wenyeji ni nyati na tembo, watu wasiojua hodi. Jirani wa karibu alikuwa Laurencia, naye alikaa mbali kiasi kwamba ukipiga yowe, likimfikia atadhani kuna mtu anaita mbuzi wake. Palikuwa mahali pazuri pa maharage. Kwa wezi palikuwa pazuri zaidi.

Shamba lilikuwa lake, halali yake, jasho lake. Kwa miaka mingi alipika kwenye kambi za watalii, akiwakaangia mayai Wazungu ambao kwao leo yameiva mno na kesho hayajaiva, moshi ukimla macho, na kila alichopata alikiweka. Mzee Hhando alipotaka kuuza aende akakae na wanawe Mbulu, Cresensia akanunua. Hakuwa na mume, hakuwa na mtoto, wala hakuwa na habari na mtu. Alitaka pa kulala na pa kulima, basi.

Wezi hawakumchelewesha. Walianza na kuku. Akafuga mbwa, wezi wakaja na mifupa, wakabeba kuku waliobaki, na mbwa akawafuata kwa hiari yake mwenyewe. Akazungushia uzio wa miiba. Wakaukata wakaenda nao, kuni si kuni. Akafunga sola juu ya bati apate taa ya kuwafukuza, wakang'oa sola. Ndipo alipokwenda kushtaki kwa mwenyekiti wa kitongoji, Bwana Fabian, mtu mzito wa mwili na mzito zaidi wa kuinuka kitini. Fabian alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza swali moja tu: mama, unakaaje huko peke yako bila mwanamume? Hakuuliza wezi wametokea wapi, wala wameelekea wapi. Kosa lilikuwa limeshapatikana, nalo lilikuwa la Cresensia kukosa mume.

Alirudi kwake amevimba kwa hasira. Kama wanataka mwanamume, alijisemea, watampata.

Alimpata mnadani Karatu, kwenye mitumba ya Talha. Alianza na miguu: mabuti ya ngozi makubwa ajabu, ambayo Talha alikuwa ameshakata tamaa ya kuyauza. Akaongeza koti refu la baridi, na suruali mbili ambazo yeye mwenyewe angeweza kulala ndani ya mguu mmoja. Talha, kwa maneno yale ya biashara, akasifu kwamba mzee ana mwili. Cresensia akakubali kuwa anao. Akaulizwa mzee anaitwa nani, na hapo ndipo Adrian alipozaliwa, ana mwili kamili na mabuti miguuni.

Siku hiyohiyo Adrian akapata kazi. Akawa dereva wa watalii, mtu wa kuondoka alfajiri kwenda Kreta, kule Ngorongoro, na kurudi giza likianza kuingia, na mara nyingine kupotelea huko Ololosokwan wiki nzima. Mabuti yakakaa mlangoni, yakipakwa tope jipya kila asubuhi. Suruali zikaanikwa kwenye kamba ya upande wa njia, si ule wa uani. Na kila jioni, saa ambayo watu wanatoka mashambani, Cresensia alisimama jikoni akamgombeza mumewe kwa sauti ya kufika ng'ambo ya korongo: kwamba amekanyaga palipopigwa deki, kwamba hilo bunduki lake asilisafishie mezani. Kisha aliingiza kichwa ndani ya pipa tupu la mahindi, akakohoa. Kikohozi kilitoka humo kizito, cha mtu mwenye kifua kipana na subira ndogo.

Wizi ukakoma kama mtu amezima redio. Vijana waliokuwa wakikatiza shambani wakaanza kuzunguka. Mmoja aliyejaribu bahati yake aliliacha panga lake kwenye mahindi na hakurudi kulidai. Cresensia akafuga kuku tena, akafunga sola nyingine, akalala usingizi wa mtu mwenye mume.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hao wahenga hawakupita kijiji hiki. Hapa uongo wa Cresensia ulipokewa na watu wema, ukalishwa, ukakua. Yeye alikuwa ametengeneza mabuti na kikohozi tu. Mengine yote aliongezewa bure. Laurencia alimwambia amemsikia Adrian akicheka. Mwanamume mmoja alimwona mjini akijaza mafuta. Katekista alisikitika kwamba Adrian haonekani kwenye jumuiya, akaanza kumwombea kwa jina. Lakini aliyewapita wote alikuwa Raphaeli, mjumbe wa kamati ya ardhi, mtu ambaye hakuna mkubwa anayetajwa bila yeye kuwa rafiki yake. Raphaeli alikuwa amekunywa na Adrian. Si mara moja. Alieleza jinsi jamaa alivyo mkimya lakini mkarimu, jinsi anavyoagiza nyama ya mbuzi na kusisitiza iive, na jinsi walivyoshauriana mambo mengi ambayo si ya kusemwa hadharani.

Cresensia alizisikia habari hizo akiwa kisimani, akacheka moyoni mpaka akamwaga maji. Alicheka mapema. Kwa maana jina lake nalo lilianza kupotea. Akawa Mama Adrian, kwa maana ya mke wa Adrian. Michango ya shule ikipitishwa, anaambiwa amwambie mzee. Maharage yake yakistawi, watu wanampongeza Adrian, mtu anayeshinda porini na bado analima vile. Alikuwa akiinama shambani kutwa, mgongo unamuuma, na sifa zinapita juu yake zinaingia kwenye mabuti.

Hilo angelivumilia. Kisha wakaja wapimaji.

Kijiji kizima kilikuwa kinapimwa mashamba ili kila mtu apewe hati ya kimila. Cresensia alijiandaa, akatoa karatasi yake ya kununulia, akaenda kwa Fabian. Fabian akamwambia asijisumbue, limeshapangwa: shamba lile litaandikwa jina la Adrian, mwenye mji. Cresensia akamwonyesha karatasi. Fabian akaisoma polepole, akasema anaelewa, jina ni la mama kwa sababu siku ya kununua mzee alikuwa safarini. Akamkumbusha kwamba sheria inawaruhusu wanawake, wajane na wale wasiojaliwa. Lakini yeye amejaliwa, anataka nini tena?

Ubaridi ukampanda Cresensia kutoka miguuni. Aliona mahindi, kuku, korongo, moshi wa miaka yote ile, vyote vinakwenda kwa suruali mbili za mitumba. Akasema kweli. Alisema hakuna Adrian, hajawahi kuwapo, alimtunga mwenyewe ili wezi wamwogope.

Fabian alimtazama kwa huruma ya mtu aliyeona ndoa nyingi. "Mama Adrian," alisema, "mmegombana. Rudi nyumbani, muongee."

Akaitwa Laurencia atoe ushauri wa kike. Laurencia alisema wazi kwamba yeye mwenyewe amewasikia wakigombana kila jioni, na kwamba mume mkali si sababu ya kumkana, maana wapo wenye waume wakali na wasioleta hata sukari. Cresensia akamweleza habari za pipa. Laurencia akamshika mkono, akasema hata yeye alipochanganyikiwa alizungumza hivyohivyo, yatapita. Lisemwalo lipo, na Adrian alikuwa amesemwa sana. Siku ile Cresensia alirudi kwake analia njia nzima, na wote waliomwona walimlaumu mumewe.

Kesho yake alivaa kitenge chake kizuri, akaenda kwa Raphaeli. Alimkuta nyumbani kwake akipiga soga na nafsi yake. Cresensia akakaa bila kukaribishwa.

"Shemeji Raphaeli, Adrian amenituma," alisema. "Anasema hapa kijijini rafiki yake ni wewe tu. Anauliza kama unakumbuka ile siku mlipokuwa mnakunywa, akakuambia shamba ni langu, na kwamba hati ikija liandikwe jina langu. Anasema ulimwahidi utasimama."

Kuku walipita mbele yao, wakarudi. Wakatazamana, mtu mzima na mtu mzima mwenzake. Macho ya Raphaeli yalijua, na yalijua kwamba ya Cresensia yanajua. Akisema hakumbuki, basi wale mbuzi wote wa kuchoma na yale mashauri mazito alikula na kushauriana na nani?

"Nakumbuka," alisema. "Nitasahauje?"

Mkutano ulifanyika uwanjani, watu wamekaa kwenye nyasi, wapimaji wamepanga vyombo vyao. Lilipotajwa shamba la Adrian, Raphaeli akasimama. Na lazima asifiwe panapostahili, alisimama kweli. Alianza taratibu, kwamba yeye si mtu wa kutoa siri za rafiki. Akaeleza baa, meza, hata mvua iliyokuwa ikinyesha. Akaeleza jinsi Adrian alivyoweka glasi chini na kutamka, mbele yake, kwamba yeye ni mtu wa safari na simba, leo yupo kesho hayupo, na shamba lile ni la Cresensia peke yake. Alipofika hapo sauti ilimkatika, na kwa kuwa aliamini kila neno wakati huo, machozi aliyofuta yalikuwa ya kweli.

Mzee mmoja akauliza kwa nini Adrian hakuja kusema mwenyewe. Watu wakamzomea, mtu yuko kazini, Ololosokwan, na mkewe yuko hapa, na shahidi yuko hapa, anataka nini zaidi? Yule mwanamume aliyemwona mjini akakumbuka kwamba hata yeye Adrian aliwahi kumgusia jambo hilo, pale kwenye mafuta. Katekista akathibitisha kuwa sala hujibiwa.

Fabian akainuka kitini, jambo ambalo wengi hawakuwahi kuliona. Alitangaza kwamba kwa kauli ya mwenye mji, na kwa ridhaa yake, shamba litaandikwa jina la Cresensia. Kalamu ikaandika. Cresensia alisogea akaona herufi za jina lake, zote zipo, akaweka dole gumba kwa nguvu mpaka wino ukatapakaa, ingawa kuandika alijua vizuri kuliko mwenyekiti.

"Wanaume wa hivi ni wachache," Fabian aliwaambia watu. "Tumpigie makofi Bwana Adrian."

Uwanja mzima ukampigia makofi Adrian. Vijana walipiga miluzi. Cresensia alibaki amesimama na dole lake jeusi, akitazama kama kuna hata mmoja aliyegeukia upande wake, hakuwapo. Basi naye akapiga makofi pamoja nao, machozi yanamtiririka, na wanawake waliokaa mbele wakanong'onezana jinsi yule mama anavyompenda mumewe.