Pikipiki Iliyozimika Kalinzi

Petroli iliyokaa miaka ina harufu yake. Si ile kali ya kituo cha mafuta, inayopanda puani na kupotea. Hii ni nzito, ina uchachu, kama kopo la rangi lililosahauliwa wazi karibu na matunda yaliyoanza kuoza. Siku hizi naikuta kwa nadra, nikipita kwenye gereji zenye magari yasiyo na wenyewe, na kila nikiikuta nasimama. Watu hudhani nimesahau kitu. Kumbe nimerudi Ujiji, kwenye ua wetu, niko darasa la tatu, na baba yangu amepiga magoti mbele ya tangi la pikipiki akimwaga kwenye karai kitu cheusi mfano wa uji ulioungua.

Baba alikuwa fundi cherehani. Nawaambieni hilo mapema ili mwelewe mshangao wetu. Maisha yake yote hakuwahi kumiliki hata baiskeli. Vidole vyake vilikuwa laini, vya mtu anayeshinda na vitambaa, na harufu aliyoingia nayo ndani jioni ilikuwa ya chaki na pasi ya mkaa. Alikuwa na msemo aliowaambia wateja waliokuja na nguo zilizoraruka: "Nguo haichaniki yote. Huchanika mahali. Nionyeshe mahali." Nilidhani ni maneno ya biashara tu.

Mama alikuwa mtu wa Kalinzi, kule juu milimani kwenye kahawa na maharage. Alishuka kwetu akiwa msichana, akapeleka kitambaa kwa fundi ashonewe gauni, na gauni hilo, Baba alipenda kutania, halijamalizwa kupimwa mpaka leo. Babu, yaani baba yake Mama, hakucheka. Hakutaka mkwe wa pwani ya ziwa, wa dini nyingine, asiye na hata mche mmoja wa kahawa. Mama alipoolewa hivyo hivyo, mzee alimwambia neno moja: "Umejichagulia mume, jichagulie na kwenu." Tangu siku hiyo Mama hakupanda tena kule juu.

Hayo nimeyajua ukubwani. Nilichojua mimi mtoto ni kwamba hatuendi Kalinzi kwa sababu magari yanamtapisha Mama. Kila msimu wafanyabiashara wa maharage walituletea mkungu wa ndizi kutoka kwa Bibi, pamoja na swali lile lile: mwanangu anakuja lini? Mama alifunga migebuka wakavu, samaki wa ziwa letu, kwenye gazeti, akawakabidhi, akasema, "Mwambieni magari yananitapisha." Siku moja Baba alijaribu kumwambia kwamba kuna bodaboda. Mama akamtolea macho. "Nimkumbatie mwanamume nisiyemjua mpaka Kalinzi? Unataka waniseme nini, Baba Mwaju?" Baba akarudi kwenye sindano yake. Hakubishana. Baba hakuwa mtu wa kubishana.

Pikipiki aliikuta Kigoma mjini, nyuma ya nyumba ya wageni iliyo juu ya bandari, alikokwenda kupima madirisha. Mwenye nyumba, Mama Tausi, alimweleza kwamba mzungu mmoja mzee alikuja nayo kutoka upande wa Burundi akizunguka Afrika, ikamfia mkononi. Mzungu akapanda meli kwenda Zambia, akamwachia mama huyo pikipiki na kadi yake, na shukrani nyingi. Kuku walikuwa wakitagia ndani ya sanduku la mizigo. Mama Tausi alitaka tu uchafu ule umtoke machoni. Wakapatana kwa mapazia: Baba amshonee ya nyumba nzima, aondoke na chuma chake.

Iliingia Ujiji juu ya mkokoteni, watoto wa mtaa mzima nyuma yake kama inakwenda kuzikwa. Nikwambieni ilivyokuwa. Ilikuwa pana kama ng'ombe, injini imetokeza pande zote mbili kama masikio, kioo cha kuzuia upepo kimepasuka, kiti kirefu kimeota ukungu. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Baba Mwaju, umeleta nini?"

"Pikipiki."

"Mimi naona mifupa."

Akarudi jikoni, na kwa muda mrefu hakuiita pikipiki. Aliiita "lile dude lako", na alianika nguo juu ya usukani wake.

Masika yote ile Baba alishona asubuhi na alasiri akafungua skrubu. Alisaidiwa na rafiki yake Shomari, fundi wa injini za maboti kule Kibirizi, mtu mnene mwenye kicheko cha kuamsha mtoto. Shomari hakuwahi kuona pikipiki ya aina ile, lakini halikumsumbua. "Injini ni injini," alisema, "hii haijui kuogelea tu." Walipoichungulia mara ya kwanza na kukata tamaa, nilimsikia Baba akisema polepole, "Haijafa yote, Shomari. Imefia mahali." Wakaanza kupatafuta mahali penyewe.

Kabureta ililala kwenye mafuta ya taa siku baada ya siku. Ndani ya bomba la moshi tulitoa kiota cha panya. Gasketi ambazo hazikupatikana popote Baba alizichora kwa chaki kwenye karatasi ngumu, akazikata kwa mkasi wake wa kitambaa, ule tuliokatazwa kuugusa. Shomari alizishika juu, akazigeuza, akasema fundi yeyote mjini angedhani zimetoka kiwandani. Waya wa klachi ulitoka kwenye baiskeli, taa ya mbele kwenye trekta bovu. Majirani walipita wakiuliza, "Fundi, inakwenda lini Ulaya?" Baba aliwajibu kwa upole kwamba haina safari ya mbali.

Kiti ndicho kilichomchukua muda kuliko injini. Alikishona, akakifumua, akakishona tena. Siku moja akamwita Mama uani, futi shingoni.

"Kaa hapo nikupime."

"Unapima kiti au unanipima mimi?"

"Kiti bila mtu ni mto tu."

Mama alikaa, akicheka, miguu upande mmoja, khanga ameibana. Baba akampima mgongo kwa makini, kisha akashona na egemeo la nyuma, nene, limejaa sufi. Nilikuwepo, nikaona, na sikuelewa kitu. Nilidhani baba yangu anataka kuwa dereva wa bodaboda mwenye kiti kizuri kuliko wote Kigoma.

Injini iliwaka alasiri moja baada ya mvua. Shomari alipiga kiki mpaka shati likamganda mgongoni. Ilikohoa, ikatema moshi mweusi, kuku wakaruka ukuta, kisha ikashika. Sauti yake haikuwa ya kulia kama bodaboda. Ilikuwa nzito na ya chini, nikaisikia tumboni kabla ya masikioni. Shomari alicheka huku machozi yanamtoka. Mama alitoka akasimama mlangoni. Baba hakuwa anaitazama injini. Alikuwa anamtazama yeye.

Haukupita muda, mmoja wa wale wafanyabiashara wa maharage akaja bila ndizi. Alikaa barazani, akanywa maji, akasema Babu ameanguka shambani. Mguu umekataa. Anakaa uani tu anachambua kahawa, na hasemi na watu. Mama alimshukuru, akamfungia samaki wake kama kawaida, na akaingia ndani.

Tulipokuwa tunakula, Baba alisema bila kuinua macho, "Mama Mwaju, kwenye gari unatapika. Pikipiki ya mtu baki huwezi kupanda. Ile pale si gari, na mimi si mtu baki."

Mama alifinyanga tonge la ugali mpaka likawa gumu.

"Anaweza kunifukuza."

"Anaweza."

"Mbele ya mtoto."

"Basi tutarudi. Mafuta ya kurudia nitaweka."

Hapo ndipo niliposhuku, kwa mara ya kwanza, kwamba labda ugonjwa wa Mama haukuwa wa magari.

Tuliondoka asubuhi na mapema. Mimi nilikaa mbele, juu ya tangi, katikati ya mikono ya Baba; Mama nyuma kwenye egemeo lake; masanduku ya pembeni yamejaa migebuka, sukari, na blanketi la Babu. Tulipoipita Mwandiga barabara ilianza kupanda. Enzi hizo bado ilikuwa vumbi jekundu, na kila tulipokata kona ziwa lilijitokeza nyuma yetu, chini zaidi na kubwa zaidi. Baridi ilikuja. Ikaja na harufu ya maua meupe ya kahawa, tamu kama asmini, na nikamsikia Mama nyuma akivuta pumzi ndefu. Pikipiki ilipanda kama mzee mwenye nguvu zake, bila haraka, bila kulalamika. Watu waliacha majembe watuangalie. Nilijiona binti wa mfalme.

Ndiyo maana nilichotaka ni ardhi inimeze pale ilipozimika. Tulishaiona migomba ya kwa Babu. Ilikuwa kona moja tu mbele, karibu na mkaratusi, injini ikakohoa, ikakohoa tena, ikanyamaza. Watoto wa Kalinzi walishafika kutuzunguka. Mmoja akacheka.

"Leo, Baba Mwaju?" Mama alisema, na sauti yake ilikuwa imepauka. "Hapa?"

Baba alishachuchumaa. "Plagi imelowa. Tangulieni, nitawafuata."

"Bila wewe?"

"Nitawafuata."

Mama alimtazama. Kisha akajitwika mzigo wa samaki, akanishika mkono, tukaenda kwa miguu. Kiganja chake kilikuwa na jasho katika baridi ile. Mimi nililia kimyakimya kwa hasira, nikiilaani pikipiki.

Babu alikuwa kwenye kigoda uani, mguu ameunyoosha, mkeka wa kahawa mbele yake. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomwogopa. Mama alitua mzigo penye upenyo wa ua, akapiga magoti kwenye udongo, akapiga makofi taratibu kama wanavyosalimu wanawake wa Kiha.

"Mwakeye, Baba."

Babu aliendelea kuchambua. Punje nzuri huku, mbovu kule. Makofi ya Mama hayakukoma. Nilitamani Baba awepo aseme kitu, lakini uani pale hapakuwa na mtu mwingine wa kutazamwa, na mwishowe mzee akainua macho. Alimtazama kwa muda mrefu sana.

"Umekuja na nani?"

"Na mjukuu wako."

"Na nani tena?"

"Na mume wangu. Yuko barabarani. Pikipiki imezimika."

"Kwa hiyo umeingia kwa miguu."

"Nimeingia kwa miguu, Baba."

Babu alijaribu kusimama, mguu ukamkatalia, akakaa tena. Akanyoosha mkono. Maganda ya kahawa yalikuwa yamegandia vidoleni. "Inuka, mwana wanje," alisema, yaani mwanangu kwa Kiha. "Udongo una baridi." Mama hakuinuka, alikwenda kwa magoti mpaka kwenye mkono ule, akauweka kichwani mwake mwenyewe. Bibi alitoka jikoni akipiga yowe, nami nikafunikwa na khanga inayonuka moshi, sikuona zaidi.

Baadaye, uji ukiwa umenywewa na macho yamefutwa, Babu alikohoa. "Kamwiteni huyo aliye barabarani," alisema, "kabla watu hawajasema mkwe wangu analala njiani." Mama na Bibi wakatazamana. Hakuna aliyewahi kumsikia akitumia neno hilo.

Nilikimbia. Baba alikuwa amekaa juu ya jiwe, mikono juu ya magoti.

"Mama yako analia?"

"Analia na kucheka. Babu anakuita mkwe."

Baba alisimama, akapangusa vumbi la suruali. Kisha akapanda pikipiki, akapiga kiki moja tu, ikawaka. Moja! Nilisema ni malaika.

Babu aliishi miaka mingine baada ya hapo, na tulipanda Kalinzi mara nyingi, mpaka siku ya kumzika. Pikipiki ile haikuzimika tena njiani. Mimi nilisoma, nikawa afisa kilimo, nikapewa pikipiki ndogo ya kuzungukia wakulima. Siku moja kwenye mlima injini ilikohoa kwa kuishiwa mafuta. Nilishusha mkono chini ya tangi, kushoto, karibu na goti, kugeuza koki ya petroli niweke kwenye akiba, na vidole vilipogusa kile kijikoki nikaganda. Nilikuwa nimeshauona mkono ukishuka hivyo. Mkono wa Baba, mimi nikiwa juu ya tangi, kidogo tu kabla ya ile kona ya mkaratusi. Na nikakumbuka vidole vyake juu ya magoti pale kwenye jiwe: havikuwa na tone la oili.

Nilipokwenda Ujiji nilimkuta barazani, miwani puani, akitunga uzi. Nikamwambia bila kuzunguka, "Baba, siku ile Kalinzi ulifunga petroli."

Alimaliza kutunga uzi kwanza.

"Tungeingia pamoja," alisema, "mzee angenitazama mimi. Nilitaka amtazame mwanawe."

Miaka yote nilikuwa nikiitetea pikipiki ile mbele ya watu, nikisema ilikuwa nzuri ila ilituaibisha siku moja. Kumbe aliinunua kwa ajili ya siku hiyo.