Jiwe Lililopewa Shikamoo

Enzi zetu, yaani kabla sijafika kidato hiki cha pili kinachonizeesha, watoto tulikuwa na makalio ya kazi. Siyo hawa wa darasa la pili wa leo, wakianguka kwenye nyasi wanataka kupelekwa hospitali Bumbuli.

Sisi tulikuwa na jiwe. Lilikuwa juu ya kijiji, njia ya kwendea Irente, kubwa, laini, limebinuka kama tumbo la mzee aliyeshiba makande. Unakalia ganda la mgomba, mwenzako anakusukuma, unafika chini kaptula ina madirisha mawili. Mama zetu walitutandika kwa madirisha hayo. Tukarudi kufungua la tatu.

Siku moja balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Hoza, akatangaza msaragambo, kazi ya kijiji kizima, siku ya Jumamosi: jiwe litachomwa moto, limwagiwe maji lipasuke, tupate mawe ya msingi wa darasa jipya. "Ujamaa ni kazi!" Tukalia. Darasa jipya la nini, na la zamani tulikuwa hatujamaliza kulichukia?

Wiki hiyohiyo mwalimu akatufundisha maajabu saba ya dunia. Alipofika kwenye bustani zinazoning'inia tukacheka: mashamba ya mama zetu yananing'inia zaidi, ukijikwaa ukipalilia viazi, unaokotwa Mombo, chini kabisa ya mlima. Zaina, niliyekaa naye dawati moja, akauliza, "Mwalimu, nani alisema ni maajabu?"

"Wapita njia. Waliyaona, wakayaheshimu, wakaenda kusimulia."

Basi! Wapita njia tulikuwa nao.

Kesho yake Zaina akamsimamisha mama mmoja aliyekuwa anakwenda soko la Lushoto, kabichi kichwani. "Shikamoo, shangazi. Na hilo jiwe umeliamkia?"

"Jiwe? Mtoto wa nani wewe, una wazimu?"

"Kwani wewe na lenyewe, nani mkubwa?"

Shangazi akafikiri. Akakunja goti kidogo. "Shikamoo."

Kwetu nani anampita mkubwa bila kumwamkia? Kufika Ijumaa watu walitoka vijiji vya mbali kuja kuliamkia, na mmoja aliapa limemwitikia, tena kwa lafudhi ya Kishambaa.

Jumamosi Mzee Hoza akaja na kuni na kiberiti. Bibi yake Zaina akamzuia. "Hoza, umeliamkia?"

"Mama, mimi kiongozi! Niamkie jiwe?"

"Kwa hiyo wakubwa zako unawachoma moto bila hata salamu?"

"Shikamoo," akanong'ona Mzee Hoza. Akakitazama kiberiti, akakirudisha mfukoni. Uliyempa shikamoo utamwashiaje moto tumboni? Mawe ya msingi tukayabeba kutoka mtoni, shule nzima, kupanda mlima.

Jioni tukalikimbilia jiwe letu na maganda ya migomba. Bibi yuleyule akatudaka masikio. "Mnamkalia mkubwa wenu tumboni? Mmelelewa wapi?"

Jiwe likapona, mtelezo ukafa.

Siku hizi watoto wanalipita vichwa chini kama wako msibani. Juzi nikamwambia mmoja, "Enzi zetu hili tulikuwa tunalitelezea." Akanitazama kana kwamba nimemtukania bibi yake.

"Kaka, acha hizo. Liamkie."

Nikaliamkia. Limeota ukoga wa kijani kila mahali, maana hakuna mtu anayeligusa.