Mwanamke Aliyetugawia Maji Ghalani

Cheka kwanza, ukimaliza nikuhadithie. Maana najua wapo wanaocheka katikati ya maneno, na mimi sipendi kukatizwa. Haya sikuyasikia barazani wala sikuyaota. Yalinifika mwenyewe, mzima wa afya, sina hata homa. Na waliokuwapo wengine wangali hai. Nenda Kigoboni kaulize.

Wakati ule nilikuwa mratibu. Neno kubwa, lakini kazi yenyewe ilikuwa kutembea na kubembeleza. Kabla ya hapo nilikuwa bibi maendeleo, miaka ile ya dhiki tulipokuwa tukifua nguo kwa majani ya mpapai na sukari tukiiona ndotoni. Kisha ikaja ruksa ya biashara, maduka yakajaa, na wafadhili wakaleta mradi wa kutunza vyanzo vya maji huku nyuma ya Moa. Walikuwa wanatafuta mwanamke mwenye miguu na mwenye subira. Wakanipata mimi. Nikafunga sanduku langu kwetu Chumbageni, nikaenda kupanga chumba Kigoboni, kwa mjane mmoja aitwaye Bi Mwanasha. Alinipenda na kunisema kutwa kama mkwewe: mbona huli, mbona umekonda, mbona unatembea na jua hili bila kujifunika?

Sasa, ruksa ilileta vitenge na redio, lakini ilileta na malori. Yalikuwa yakija kununua mkaa na magogo, yakaondoka kuelekea Horohoro yamelemewa. Kijiji cha juu, Mkwajuni, ndicho chenye kilima na msitu, na ndani ya msitu huo ndimo inamotoka chemchemi. Kijiji cha chini, Kigoboni, kinakunywa maji ya chemchemi hiyo hiyo. Watu wa juu wakakata miti. Nani angewalaumu? Walikuwa wamekaa miaka bila khanga mpya mwilini. Lakini kadiri kilima kilivyoota upara, ndivyo kijito cha chini kilivyokonda, mpaka wanawake wa Kigoboni wakawa wanakwangua tope kwa kata.

Wakaanza kutukanana. Halafu vijana wakapigana kule kijitoni, mmoja wa Kigoboni akakatwa panga la bega. Tangu hapo vijiji vile, vilivyokuwa vikioana tangu enzi na enzi, vikaacha hata kuzikana. Unajua maana yake kwetu pwani? Mtu akiacha kuja mazikoni kwako, basi tena, kamaliza.

Kazi yangu ikawa kuwakalisha pamoja. Nilikipanda na kukishuka kile kilima mpaka kandambili zangu zikatoboka visigino. Mwenyekiti wa Mkwajuni, Mzee Kibanga, alikuwa mtu wa maneno machache, mgumu kama kisiki. Mwisho akakubali, kwa sharti kwamba wasikutane Mkwajuni wala Kigoboni. Wakutane kwenye ghala la ushirika. Ghala hilo lilijengwa mpakani mwa vijiji hivyo viwili wakati wa dhiki, mabati yakakosekana, likabaki kuta na sakafu. Bi Mwanasha, ambaye ndiye aliyekuwa akiwasemea wanawake wa Kigoboni, naye akakubali. Nikaona nimefika.

Kumbe bado jambo moja. Ukiwaita watu kikao cha kutwa kwenye ghala lisilo na paa, lazima uwape maji ya kunywa. Nikapanda kwa Mzee Kibanga kumwomba watu wake wachote.

"Si wanasema maji ni yao?" akaniambia. "Walete wao."

Nikashuka kwa Bi Mwanasha.

"Mwanangu, sisi tuwachotee nini, tope? Na wakileta wao mimi sinywi. Nitajuaje wametia nini?"

Nikampandia tena Mzee, nikamshukia tena Bibi. Utaona ni jambo la kuchekesha, watu wazima kushindania mtungi. Mimi sikucheka. Nilijua kikao kile kingekufa kwa kiu kabla ya kufa kwa ugomvi, na kikifa, safari nyingine watazikwa watu.

Siku ya kuamkia kikao, jua likielekea kuzama, nikachukua ndoo nikaenda chemchemini peke yangu. Nilisema, liwalo na liwe, nitachota mwenyewe hata kama ni safari za usiku kucha.

Nikamkuta mwanamke.

Alikuwa amekaa juu ya jiwe, miguu majini, mtungi wa udongo ubavuni. Msichana hasa, kwa umri ningeweza kumzaa. Amejifunga kaniki iliyopauka, na kidevuni ana kovu dogo kama mwezi mwandamo. Nikasimama nikingoja anipe shikamoo yangu, maana mimi ndiye mkubwa. Hakunipa. Alinitazama tu, anatabasamu, kama mtu anayemtazama mtoto anayejifunza kutembea. Na ulimi wangu, sijui ulipatwa na nini, ukateleza wenyewe:

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," akajibu. Wala hakutania.

Hapo mwenye akili angekimbia, sivyo? Mimi sikukimbia, na mpaka leo sijui kwa nini. Sikuogopa hata chembe. Niliona usingizi, ule usingizi mtamu wa mtoto aliyelia akabebwa.

"Umechoka," akasema.

"Nimechoka."

"Kesho mna watu. Nani atawachotea maji?"

"Hakuna. Kila mmoja anamsukumia mwenzake."

"Basi acha. Nitachota mimi."

Akaingiza kata ya kifuu majini, akaitoa imejaa, akaipuliza juu juu kama mtu anayepoza chai, halafu akanipa. Maji ya chemchemi, baridi, anayapuliza! Nikanywa. Niamini, nimekunywa maji ya bomba, ya kisima, ya dafu, na ya Zamzam niliyoletewa na mahujaji. Sijapata kunywa maji ya namna ile. Nilipomaliza akanishika mkono wa kulia kunivusha pale penye utelezi. Kiganja chake kilikuwa baridi kama udongo wa chini ya mtungi. Nikapanda ukingo, nikasikia adhana ya magharibi ikitoka Kigoboni, nikageuka kumshukuru.

Jiwe lilikuwa tupu. Nikajiambia kashika njia ya Mkwajuni. Akili ya binadamu ni hodari kwa kujitetea.

Asubuhi watu wakaja, wa juu wakakaa ukuta wa kusini, wa chini ukuta wa kaskazini, katikati uwazi wa kutosha kuegesha lori. Nikafungua kikao kwa dua. Amini ya huku na amini ya kule hazikuitikana pamoja. Nikaanza kusema habari za miti na maji, hawakunisikiliza. Jua likapanda. Mama mmoja akasema waliokata miti ni wachawi wa kuua kwa kiu. Kijana mmoja wa juu akamjibu neno ambalo sitalitia kinywani mwangu. Ndipo yule kijana aliyekatwa panga akavua shati, akaonyesha bega lake. Wanaume wakainuka pande zote mbili. Nikaona mapanga yaliyokuwa yamefichwa chini ya mikeka. Nikasimama katikati na mikono yangu miwili, nikasema moyoni, ewe Mola, leo ndiyo leo.

Akaingia.

Mtungi kichwani, kata mkononi. Hakuharakisha. Akaupitisha mtungi katikati yao, akautua sakafuni, akachota, akapuliza, akaenda moja kwa moja kwa Mzee Kibanga. Sikusikia alichomwambia. Nilimwona Mzee, mtu yule mgumu, anainamisha kichwa. Akapokea kwa mikono miwili, akanywa, akakaa chini. Kisha yule msichana akaenda kwa Bi Mwanasha, ambaye alishaapa hanywi. Bi Mwanasha akanywa amefumba macho, machozi yanamshuka mpaka kwenye kata. Akaenda kwa kijana wa bega, akaenda kwa yule aliyetukana. Alimpa kila mtu, mmoja mmoja, kwa mtungi ule ule mmoja. Vijiji viwili vizima! Nami nilikuwa nikitazama, na kila alipoinama kuchota nilisikia maji yakilia karibu na shingo ya mtungi, kama hajayapunguza.

Waliokunywa wakakaa. Hakuna aliyewaamuru.

Mzee Kibanga ndiye aliyesema kwanza, sauti imekauka pamoja na kwamba ametoka kunywa. "Kutoka chemchemini mpaka kwenye mawe meupe, hapakatwi mti. Atakayekata, si mtu wa Mkwajuni."

Bi Mwanasha akajifuta uso kwa ukaya aliojitanda kichwani. "Na nyinyi mtakula nini, kaka yangu? Mkaa ndio uliowavisha. Basi lile bonde letu la mpunga, upande wa juu, shukeni mlime. Maji yakirudi yatatosha wote."

Wallahi, nilikuwa nimezunguka na maneno hayo hayo kwa muda mrefu, hakuna aliyeyataka. Siku ile yalitoka vinywani mwao wenyewe, na wakapeana mikono, wengine wakakumbatiana wakilia. Yule kijana wa bega akapokewa na mama wa aliyemkata, akakalishwa mkekani kwake.

Watu walipoanza kuinuka nikakumbuka adabu. Nikasema, "Jamani, tumshukuru yule dada aliyetuletea maji. Ni wa wapi? Wa Mkwajuni?"

Wa Mkwajuni wakatazamana. "Si wenu wa Kigoboni?"

"Dada gani?" akauliza Mzee Kibanga, taratibu. "Yule ni mtu mzima. Yule..." Akakaa tena mkekani. "Mimi nilimwona mama. Na mama nilimzika mwenyewe, mwaka ule wa njaa."

"Alikuwa bibi yangu," akasema Bi Mwanasha, "aliyenilea. Na kibiongo chake kile kile."

Kijana wa bega akasema ni shangazi yake. Mwingine akasema dada yake aliyekufa maji. Kila aliyefungua kinywa alimtaja maiti wake, na kila mmoja alisema: alinipulizia maji. Wakageuka wote kunitazama mimi. "Na wewe, bibi mratibu, ulimwona nani?"

Nikasema sikumjua. Nilimwona msichana wa kaniki mwenye kovu kidevuni, sura ambayo kabla ya jana yake sikuwahi kuiona.

Tukautafuta mtungi. Haukuwapo. Palikuwa na alama ya duara tu sakafuni, unyevu wa pale ulipotuliwa, na unyevu huo haukukauka kiangazi kizima, juani vile vile, bila paa. Watu walikuwa wakipita kuugusa.

Wiki hiyo hiyo nikateremka Tanga mjini. Kuna jambo sijakuambia, kwa sababu siku ile ghalani hata mimi sikuliwaza. Mama yangu mzazi alifariki siku niliyozaliwa. Picha hakuacha. Aliyenilea ni mdogo wake, Mama Rehema, hapo Chumbageni, na kila nilipomwuliza mama alikuwaje, alikuwa akisema, "Alikuwa mzuri," kisha anageuza maneno, maana yalimuuma.

Nilimkuta ukumbini anapeta mchele. Nikamsimulia yote, nami nacheka cheka kwa aibu, nikitegemea atanisomea dua ya kuzimua, ya kunitoa pepo. Nilipofika kwenye kovu, ungo ukasimama mkononi.

"Kovu la wapi?"

"La kidevuni, kama mwezi mwandamo."

"Na maji akayafanya nini?"

"Akayapuliza. Maji baridi, Mama, anayapuliza kama chai."

Ungo ukamtoka, mchele ukamwagika sakafu nzima. "Nani kakuhadithia wewe?" akaniuliza, karibu kwa hasira. "Nani? Sikumwambia mtu! Alianguka kwenye ukingo wa kisima, tukiwa watoto, mimi ndiye niliyemsukuma. Na kila akinipa maji alikuwa akiyapuliza. Nikimwuliza, dada, hayo si ya moto, anasema, najua, ila nataka yafike kwako na pumzi yangu." Akanivuta kifuani, akanikumbatia, tukalia pale juu ya mchele mpaka jirani akabisha hodi kutaka kujua nani kafiwa.

Ndiyo hivyo. Mpaka hapo nilikuwa mwanamke mzima, mwenye wajukuu njiani, sijapata kuonana na mama yangu. Kisha nikaonana naye, tena nikamwamkia.

Kiganja changu hiki cha kulia, alichokishika, tangu jioni ile hakijapata joto. Shika uone. Nimekwenda hospitali, daktari akanipima, hakuona kitu, akanipa vidonge vya kuongeza damu. Siku hizi sijali tena. Wajukuu wangu wakipandwa na homa hawataki kitambaa cha maji. Wanakuja wenyewe wanakichukua kiganja changu wanakibandika kwenye paji la uso, wanalala.

Chemchemi ya Mkwajuni ipo, inatoka, na msitu umefunga mpaka mawe meupe hayaonekani. Lakini sikukuhadithia haya ili ufurahi tu. Baada ya hapo mradi ulinipeleka kijiji kingine, jina lake nalihifadhi, na huko hawakutaka maneno yangu wala ya mtu. Walikata mpaka mti wa mwisho uliokuwa umeinamia chemchemi. Mimi nikangoja balaa. Hakuna aliyepagawa, hakuna aliyeumwa na nyoka, hakuna aliyesikia hata mlio. Asubuhi moja wanawake walikwenda na ndoo wakakuta mchanga mkavu, umefagiliwa vizuri kama uwanja wa nyumba ambayo wenyewe wamehama.

Kwa hiyo wewe mwenye shoka, usijisifu kwamba ulikata mti wa chemchemini na hukudhurika. Wale wa chemchemini si watu wa kudhuru. Ni watu wetu waliotangulia, wanatupenda. Wakishachoka nasi hawagombi. Wanafagia, wanaondoka, na hapo hata umwite mama kwa sauti gani, haitiki mtu.