Nyuzi Tatu Nyekundu Shingoni

Nikiona mtu amesimama dukani anapapasa kitambaa kipya huku anatabasamu, nachefukwa. Natamani nimwambie, baba, hicho unachopapasa si uzi, ni uji. Uji mkavu wa wanga! Ptuu. Mimi Zabibu nilikaa miaka kumi na sita kando ya cherehani ya mume wangu, Fundi Mustapha, barazani kwa duka la Bwana Shaban hapa mjini Bukoba, nikipinda mapindo na kushona vifungo. Ninayoyasema nimeyashika kwa vidole hivi.

Mume wangu si mtu wa kutungiwa hadithi. Baba yake Mhaya wa Nshambya aliyesilimu, mama yake alitoka Tabora. Hana cheo, na ukimsalimu asubuhi jibu utalipata mchana. Ila alikuwa na tabia moja iliyomfanya ajulikane hadi Nshamba, safari nzima ya lori. Kabla hajatia mkasi, alichukua ncha ya kitambaa, akaitia mdomoni, akailowesha, kisha akaisugua kwa dole gumba. Mate yakibaki mate, alikata. Yakigeuka meupe mazito, alikikunja kitambaa akamrudishia mwenyewe. "Rudisha," alisema, basi. Watu walizoea kumwuliza, "Fundi, umekionja?" Akiitikia kwamba amekionja, walikwenda zao roho zimetulia.

Na alama ilikuwa yangu mimi. Ndani ya shingo ya kila nguo nilitia nyuzi tatu nyekundu kwa mkono. Zilianza kwa jambo dogo tu, maana kanzu zote ni nyeupe na zikianikwa pamoja watu hugombana. Baadaye nikaona hata wanaonunua kanzu kuukuu wanageuza shingo kwanza, wanatafuta nyuzi zile, ndipo waulize bei. Nilivimba kichwa, sikatai.

Kisha ikaja vita ya Hitla, vitambaa vikatoweka. Huko mashambani wako waliorudia kuvaa magome ya miti kama babu zao, na mjini tukawa tunaweka kiraka juu ya kiraka. Vita ikaisha, tukashangilia, majora yakarudi madukani. Lo! Yangebaki huko huko yalikotoka. Poplini niliyoijua kwa senti sitini yadi moja sasa ilikuwa shilingi mbili na nusu, na ukiinyoosha juu unaliona ziwa lote na visiwa vyake. Lakini ikiwa imekunjwa dukani ilikuwa ngumu, inang'aa, inalia kwa mkono kama karatasi. Sindano ya cherehani ilikuwa inagandwa na uji kila baada ya mshono mrefu, ikabidi niifute kwa kitambaa chenye mafuta. Unga mweupe ulituingia puani, Mustapha akapiga chafya mpaka jioni.

Nawaambia kilichoniudhi zaidi. Kaniki ya shambani ilikuwa nyepesi tangu zamani, na bei yake ilikuwa nyepesi vile vile, hakuna aliyedanganywa. Wakubwa wa serikali nao waliagiza nguo zao Ulaya. Walioibiwa ni hawa wa katikati, mwalimu, karani, mkulima mwenye miti yake ya kahawa, watu wanaojibana miezi sita ili wavae nguo moja ya heshima. Hao ndio waliouziwa uji kwa bei ya hariri.

Mustapha akawa anaonja na kurudisha, anaonja na kurudisha. Siku moja mwaka wa arobaini na nane alirudisha vitambaa vinne kabla ya adhuhuri, Bwana Shaban akatoka ndani ameshika kiuno.

"Mustapha, hapa ni dukani kwangu au ni jikoni? Kila kitambaa changu unakiingiza mdomoni!"

"Kina uji, Bwana Shaban."

"Vyote vina uji siku hizi. Mimi sikukifuma. Nimeuziwa hivyo, nauza hivyo. Mteja ananunua ndani, wewe unashona nje, na baraza hulipii hata senti. Ukitaka kulamba, kalambe kwako. Baraza hii wanaitaka mafundi watatu."

Mustapha akaniangalia. Na mimi, Mungu anisamehe, niliangalia pindo langu. Tulipokuwa tunarudi nyumbani Kashai nikamwambia wazi, "Baba Shamsia, usituletee balaa. Tuna watoto wanne. Wewe ni fundi wa kushona, si wa kuonja. Shona." Kesho yake akashona, na ulimi wake ukakaa mahali pake.

Bwana Shaban alifurahi, akatuletea chai na maandazi. Tukayala.

Wiki chache baadaye, msimu wa kahawa umekwisha, akashuka kwenye lori Bibi Kemilembe wa Nshamba. Huyu ni mjane, Mlutheri, mwembamba, mwenye sauti ya chini inayokufanya uinamishe kichwa umsikie. Mume wake marehemu, Mzee Kagaruki, alikuwa mteja wetu tangu mwaka wa kwanza wa ndoa yangu. Bibi alikuwa anamlea mjukuu wake, Alistidia, binti wa miaka kumi na minne, na binti huyo alikuwa anapokea kipaimara. Hakuja naye. Alileta kamba ya mgomba yenye mafundo: fundo la kwanza urefu, la pili kifua, la tatu mkono. Ndivyo watu wa mbali walivyotuletea vipimo.

Alikwisha kununua poplini nyeupe humo ndani, yadi tatu, pesa za kahawa ya msimu mzima. Akaiweka mbele ya Mustapha kwa mikono miwili.

"Fundi wangu, umekionja?"

Bwana Shaban alikuwa amesimama mlangoni, anachokoa meno.

Mustapha akakishika kitambaa. Niliona unga umemganda kwenye vidole, na yeye aliuona. Akasema, "Kinashoneka, mama."

Kinashoneka! Hata gunia linashoneka. Lakini Bibi Kemilembe alisikia alichozoea kusikia miaka yote, akatabasamu, akatoa kwenye kifurushi chake kahawa ya kutafuna, akatugawia. Gauni lilitoka zuri kupita kiasi, kola ya lasi, marinda yamesimama yenyewe kwa ule uji. Nikachukua uzi mwekundu. Nakumbuka nilisita, sindano iko mkononi, kisha nikasema moyoni, watu wote wanafanya hivi. Nikatia moja, mbili, tatu.

Alirudi baada ya kipaimara. Baraza ilikuwa na wateja sita au saba, na Bwana Shaban anapima vitambaa karibu na mlango. Bibi hakupiga kelele. Alikaa kwenye mkeka wangu, akafungua kifurushi, akatoa kitu cha kijivu kilichojikunja. Sikukitambua mpaka nilipoiona lasi ya shingoni.

"Walitoka shuleni kwa mstari, wanaimba, wanakwenda kanisani," akasema. "Mvua ikanyesha. Ni mvua hii hii yetu, hamuijui? Wenzake walilowa, na yeye akalowa. Lakini wenzake walibaki wamevaa nguo. Wangu alibaki kama nilivyomzaa. Mwili wote nje! Na uji unamtiririka miguuni, mweupe, watoto wanamwonyesha kidole. Mke wa mchungaji akamfunika kwa leso yake ya kubebea mtoto. Mjukuu wangu amewekewa mikono kichwani akiwa ndani ya leso yenye harufu ya mikojo ya mtoto wa watu."

Mtu mmoja akasema, "Maawe!"

"Sasa wanamwita Uji. Kanisani haendi, kisimani anakwenda watu wamekwisha kurudi. Ananiambia, bibi, usininunulie nguo tena."

Bwana Shaban akakohoa. "Mama, pole. Hivyo ndivyo vitambaa vya siku hizi. Ulaya wenyewe ndio..."

"Mimi sikuja kwako, bwana," akasema Bibi Kemilembe, hata hakugeuka. "Mimi nikipeleka kahawa, wanamwaga gunia lote chini, wanachambua. Wakikuta punje mbovu na vijiwe, narudishwa nayo mpaka Nshamba, na hakuna anayeniambia kwamba ndivyo kahawa ya siku hizi ilivyo. Wewe mwenye duka ni mfanyabiashara, nakujua. Nilikuja kwa hawa."

Akaigeuza shingo ya gauni, nyuzi zangu tatu zikaonekana, nyekundu kama siku nilipozitia. Kila kitu kilikuwa kimechuja isipokuwa zenyewe.

"Mwanangu Zabibu, nitolee hizi. Nguo nitaifanya tambara la kufutia meza. Lakini sitaki uongo nyumbani kwangu."

Sikuwahi kuona aibu ya namna ile. Ningechapwa viboko pale sokoni ingekuwa afadhali. Nilichukua sindano mbele ya watu wote, nikafumua uzi wa kwanza. Wa pili ukatoka. Nilipovuta wa tatu, kitambaa kikaja nao, kikachanika shingo nzima. Kilikuwa kimeoza, bado hakijatimiza miezi miwili! Yale maandazi ya Bwana Shaban niliyasikia yamenikaa kooni, nayo nilikuwa nimeyala zamani.

Bibi Kemilembe akalikunja tambara lake, akatuaga kwa adabu, akaenda kutafuta lori.

Alipopotea kwenye kona, mteja mmoja, karani, akamsogezea Mustapha drili yake ya suruali ambayo haijakatwa. Mustapha akaishika ncha. Akaitia mdomoni, taratibu, huku anamtazama Bwana Shaban machoni. Akaisugua. Kisha akatema mate chini mbele ya mlango wa duka, meupe mazito, kila mtu akayaona.

"Rudisha," akasema.

Kabla ya alasiri unga wetu ulikuwa umemwagika. Cherehani yetu iliwekwa barabarani, na kiti, na mkeka. Niliibeba ile mashine kichwani hadi Nshambya, kwenye nyumba ya wakwe zangu, Mustapha nyuma yangu na meza yake. Sikulalamika, na ningelalamika kwa mdomo upi?

Mngetegemea watu watufuate, sivyo? Ah, wapi! Siku za mwanzo walikuja, wakamsifu Mustapha kwa ushujaa wake. Aliweka beseni la maji mlangoni, kila kitambaa kikazamishwa kabla ya mkasi, na maji yakawa yanatoka kama maziwa. Watu waliyaangalia maji, wakakasirika. Unajua walimkasirikia nani? Fundi! Walikwisha lipa pesa zao, walitaka kupendeza Idi na Krismasi, na huyu anawaonyesha walivyoibiwa. Wakakikamua kitambaa, wakakianika, wakakipeleka kwa fundi mpya wa Bwana Shaban, kijana asiyeonja kitu. Karani yule yule wa suruali ya drili nilimwona siku moja anapita, suruali imesimama kwa uji, magotini imekwisha tumbuka. Akanisalimu kwa furaha. Sina hamu na watu.

Tukaishi kwa viraka. Kugeuza kola, kukata kanzu ya baba iwe ya mtoto. Na kila kazi nilimaliza bila nyuzi nyekundu, maana Mustapha hakuniambia nitie, nami sikuthubutu kuuliza.

Mwaka ukapita, Bibi Kemilembe akaja. Safari hii alikuja na Alistidia mwenyewe, binti mrefu, macho chini, amejifunga leso mpaka kidevuni ingawa jua lilikuwa kali. Nikawakaribisha ndani. Bibi akafungua kifurushi. Ilikuwa kanzu ya Mzee Kagaruki, ile Mustapha aliyoshona mwaka wa thelathini na tatu. Imefuliwa miaka na miaka, imekuwa laini, rangi ya maziwa yaliyokaa, na haina hata tundu moja. Nikaivuta kwa nguvu zangu zote, ikakataa.

"Amekubali kuvaa hii tu," akasema Bibi. "Nilimwambia, vaa ya babu yako. Ikimwagiwa ziwa zima haitakuaibisha."

Mustapha hakuonja na hakuzamisha. Alimpima binti kwa macho, akakata, akashona siku ile ile, gauni la kawaida lisilo na marinda. Kisha akamwomba binti alivae na kusimama, akachota maji ya beseni kwa kata, akamtazama kuuliza. Alistidia akatikisa kichwa kukubali. Akamwagiwa bega zima. Kitambaa kikalowa, kikabaki kitambaa. Binti akajitazama kifuani, akajitazama mikononi, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akicheka.

Mimi nilikuwa nimekwisha kuutia uzi mwekundu kwenye sindano. Nilikuwa na furaha mno hata sikujua kwamba nalia. Binti alipolivua, nikalichukua gauni kulimalizia, nikageuza shingo, nikakuta Mustapha ameikata kwa namna ya kuiacha ile ya zamani mahali pake, na nyuzi zangu za ujana zipo, zimepauka kidogo.

Bibi Kemilembe akaweka mkono juu ya mkono wangu.

"Hizo ziache," akasema. "Mpya usitie."

Nikauchomoa uzi kwenye sindano.